Kufundisha Muziki kama Kazi ya Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaofanana: mpiga kinanda wa kwaya, mpiga gitaa wa bendi, mhitimu wa sanaa ambaye tayari anafundisha watoto wawili watatu wa majirani kwa malipo ya "ahsante mwalimu" na nauli, na ambaye sasa anataka kazi hiyo imlipie kodi ya nyumba. Anayeyajibu ni mwalimu wa kinanda na gitaa jijini Dar es Salaam, kwa hiyo taratibu za serikali zinazotajwa hapa ni za Tanzania Bara. Viwango vya fedha ni vya kufanyia hesabu tu. Weka vya kwako, kwa sababu ada ya Masaki si ada ya Mbagala.

Je, ni lazima niwe na cheti cha muziki ndipo nifundishe?

Mzazi anayekuletea mtoto nyumbani mara chache huuliza cheti. Huuliza mtoto wa jirani yake, aliyeanza kwako mwaka jana, sasa anapiga nini. Cheti huanza kuwa na uzito pale unapoomba kufundisha shuleni, au mzazi anapotaka mtoto wake afanye mitihani ya bodi za nje kama ABRSM ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1889, ambayo madaraja yake kuanzia la 1 hadi la 8 yanafahamika sana katika familia zenye watoto kwenye shule za kimataifa. Ukikubali kumwandaa mtoto kwa mitihani hiyo, fahamu mapema kwamba hawezi kufanya mtihani wa kupiga ala wa daraja la 6 na kuendelea kabla hajafaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani mbadala unaokubalika. Hilo si jambo la kugundua siku ya kujaza fomu.

Kwa wengi wetu upungufu hauko vidoleni, uko machoni. Tumelelewa na kwaya, tunasoma d, r, m, f kama mtu anayesoma gazeti, lakini nota za mistari mitano zinatutoa jasho. Usiione solfa kuwa elimu duni, kwani aliyezoea "do" inayohama anaweza kuupandisha wimbo kutoka ufunguo wa C hadi wa F bila karatasi mpya, jambo ambalo wanafunzi wengi wa mistari huliogopa. Hata hivyo, vitabu vya kufundishia kinanda na gitaa vinavyopatikana kwa urahisi vimeandikwa kwa mistari, na mwalimu hawezi kukaa ukurasa mmoja mbele ya mwanafunzi kwa miaka yote. Anayetaka masomo rasmi anaweza kuanzia TaSUBa ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kule Arusha.

Nitoze kiasi gani kwa kipindi kimoja?

Anza na mwaka, usianze na kipindi.

Tuseme una wanafunzi 15, kila mmoja anakuja mara moja kwa wiki, na kipindi ni shilingi 20,000. Mwalimu mgeni huzidisha 15 kwa 20,000, kisha mara wiki nne, akapata 1,200,000 kwa mwezi, na siku hiyohiyo anamwambia mwenye nyumba kwamba mambo yamenyooka. Lakini mwaka haufundishwi wiki 52. Toa likizo ndefu za Juni na Desemba, mapumziko mafupi ya katikati ya mihula, Pasaka, sikukuu za Idi, wiki za mitihani ya shule ambazo mzazi hataki kusikia habari za kinanda, na siku ambazo wewe mwenyewe utaumwa. Zikibaki wiki 36, hesabu inakuwa 10,800,000 kwa mwaka, yaani 900,000 kwa mwezi. Halafu watoto hawaji: mafua, mvua ya Aprili, kipaimara cha binamu. Ikiwa kila mwanafunzi anakosa kipindi kimoja katika kila sita na wewe hulipwi kwa kipindi hicho, unabaki na 750,000, na hapo hujatoa nauli, umeme, nyuzi za gitaa wala vocha. Katika pengo hilo la 450,000, kati ya pesa uliyoiota na pesa unayoishika, ndimo walimu wengi wanamopotelea, wakidhani kwamba wamekosa wanafunzi.

Sasa pindua hesabu. Ikiwa unahitaji 800,000 za kuishi na 150,000 za gharama za kazi, hiyo ni 950,000 kwa mwezi, au 11,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 36, kisha kwa wanafunzi 15, utapata shilingi 21,111 kwa kipindi, ikiwa unalipwa hata kwa kipindi ambacho mtoto hakuja. Ukitoza 22,000 una upenyo mdogo. Ukitoza 15,000 kwa kuogopa kuonekana ghali, unatakiwa kutafuta wanafunzi 22 ili ufike palepale, na wanafunzi 22 wa kipindi cha dakika 45 ni zaidi ya saa 16 za kufundisha kila wiki, zote zikigombania muda uleule wa baada ya shule, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Asubuhi yako yote iko wazi, lakini haina mtoto wa kumfundisha.

Kwa nini mnasisitiza ada ya muhula badala ya kulipwa kila kipindi?

Kwa sababu unachouza si dakika 45, bali ni kiti katika ratiba. Jumanne saa kumi jioni ikishapewa mtoto mmoja, haiwezi kupewa mwingine. Mtoto huyo asipokuja, kiti kimekaa kitupu na hakuna namna ya kukiuza usiku. Shule anayosoma haimrudishii mzazi ada ya siku ambayo mtoto aliumwa, na mzazi anaelewa hivyo bila kuelezwa. Kinachomfanya asielewe kwako ni kwamba wewe mwenyewe ulimzoesha kulipa mkononi, mlangoni, siku hadi siku, kama anayenunua maandazi.

Gawanya zile wiki 36 katika mihula mitatu ya wiki 12. Kwa kipindi cha shilingi 20,000, ada ya muhula inakuwa 240,000, inayoweza kulipwa kwa awamu mbili za 120,000: ya kwanza kabla ya wiki ya kwanza, ya pili kabla ya wiki ya saba. Wapo wazazi wenye kipato cha siku kwa siku ambao hata 120,000 kwa mkupuo ni nzito kwao, na kwa hao awamu nne si dhambi, mradi kila awamu itangulie masomo yake.

Jambo la kufidia vipindi liandikwe mapema. Mimi huacha wiki moja ya ziada mwishoni mwa muhula kwa ajili ya kufidia, na kila mwanafunzi ana haki ya kipindi kimoja ndani yake endapo alitoa taarifa angalau siku moja kabla. Nisipofika mimi, nafidia vyote, bila mjadala. Masharti yangu yanatosha nusu ukurasa, kwa Kiswahili, na mzazi anaweka sahihi. Mwaka wa kwanza niliona haya kumpa mtu ninayemwamkia "shikamoo" karatasi ya kusaini. Niliacha kuona haya baada ya Desemba moja ambayo nilifundisha vipindi vya fidia mpaka siku mbili kabla ya Krismasi, bila kulipwa, kwa watoto waliokuwa wameshasahau vidole vinakaa wapi.

Mzazi asipolipa kwa wakati, nimdai vipi bila kuharibu uhusiano?

Mdai mapema, kwa maandishi, na kwa sauti ileile kwa kila mtu. Ujumbe wangu hutumwa wiki moja kabla ya muhula kwa wazazi wote: "Habari za jioni, Mama Fulani. Muhula wa pili unaanza Jumanne tarehe 9. Kiti cha Jumanne saa 10 jioni bado ni cha mwanao. Awamu ya kwanza ni 120,000 kupitia Lipa Namba ileile. Nikipokea nitakutumia risiti. Nawatakia maandalizi mema." Ukimzidi mzazi umri au akikuzidi, salamu ibadilike, mengine yabaki yalivyo. Maneno "bado ni cha mwanao" yanafanya kazi kubwa kuliko neno "deni."

Tumia namba ya biashara ya mtandao wa simu badala ya namba yako binafsi, hata kama unampokea mtu mmoja. Pesa ya ada inayoingia kwenye simu uliyonunulia mkaa asubuhi haihesabiki jioni.

Mtoto asiadhibiwe kwa deni la mzazi. Usimwambie chochote, usimrudishe mlangoni akiwa na daftari lake mkononi. Mpigie mzazi, mwambie kwamba kiti kitashikiliwa kwa wiki mbili, kisha kitapewa anayesubiri. Na ikifika wiki ya tatu, kipe.

Nifundishie nyumbani kwangu, niwafuate wanafunzi, au nipange fremu ya biashara?

Kuwafuata wanafunzi ndiko wengi tunakoanzia, kwa sababu hakuhitaji mtaji zaidi ya nauli na mgongo wa kubebea kinanda kwenye bodaboda. Ubaya wake ni barabara. Vipindi vitatu, kimoja Tabata, kimoja Sinza na kimoja Mbezi, vinaweza kula alasiri nzima, na mzazi wa tatu atakupokea saa mbili usiku ukiwa huna sauti. Ukiamua kuwafuata, panga siku kwa eneo, si kwa matakwa ya kila mzazi: Jumatatu ni ya Sinza tu, anayetaka Jumatano atafute nafasi kwa walio jirani naye. Na nauli pamoja na muda wa njiani vimo ndani ya ada; anayefuatwa analipa zaidi kuliko anayekuja.

Fremu inavutia kwa sababu ina bango. Niliwahi kupanga moja, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita mbele, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Nilikwenda kuiona asubuhi ya Jumapili, pametulia. Jumatatu nikagundua kwamba ukuta wa pili ni karakana ya kuchomelea mageti, na msumeno wao wa kukatia chuma ulikuwa unalia juu kidogo ya "la," kiasi kwamba kila mwanafunzi wa kuimba alikuwa anavutwa kwenda huko. Nilimaliza miezi sita kwa sababu nilishalipa, si kwa sababu nilipenda. Kabla ya kulipa popote, keti ndani ya chumba kwa saa nzima siku ya kazi, alasiri, mdomo ukiwa umefumba.

Njia ya kati, na ambayo naipendekeza zaidi kwa anayeanza, ni kukodi kwa saa chumba ambacho tayari kipo: darasa la chekechea baada ya watoto kuondoka saa saba, au chumba cha kwaya cha kanisa siku ambazo hakuna mazoezi. Makubaliano yaandikwe hata kama ni kwa paroko unayemfahamu tangu ubatizo.

Ninunue vyombo gani kwanza?

Vichache. Kwa kinanda, funguo 61 zinazoitikia uzito wa kidole zinatosha kwa miaka miwili ya mwanzo; kinanda kisichotofautisha kugusa na kugonga kitamfundisha mtoto kugonga. Anayefikia daraja la juu atahitaji funguo 88 zenye uzito. Piano ya mbao ya zamani, hata ukipewa bure, ni mzigo katika miji ya pwani: unyevu na chumvi vinaila, mchwa unaisaidia, na fundi wa kuityuni hapatikani kila mtaa.

Ukinunua vyombo vilivyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu binafsi, soma kibandiko cha adapta kabla ya kuchomeka. Vyombo vilivyotoka Japani hutumia umeme wa volti 100 na wa kwetu ni 230. Adapta ya namna hiyo hudumu sekunde chache, na harufu yake hudumu chumbani wiki nzima. Chagua pia kinanda kinachokubali betri, kwa kuwa umeme hauulizi ratiba yako.

Kikwazo kikubwa si vyombo vyako bali ni vya mwanafunzi. Mtoto asiye na kinanda nyumbani huja kwako kila wiki kuanza upya. Mimi ninavyo vinanda vinne vidogo vya kukodisha, mzazi akilipa kwa mwezi na akiweka amana ya kurudishiwa. Mapato yake si makubwa, lakini watoto waliokodi wamekaa muda mrefu kuliko wale waliokuwa "wanasubiri baba anunue."

Kuhusu vitabu, kudurufu kitabu kizima cha mtunzi na kuwauzia wanafunzi ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hata kama kila kibanda cha kudurufu kitakupokea kwa tabasamu. Nunua nakala halali, au andika mazoezi yako mwenyewe.

Nitapata wapi wanafunzi wa kwanza, na somo la majaribio liendeshwe vipi?

Wapo kwenye benchi unalokalia Jumapili. Wanakwaya wenzako wana watoto, na wamekusikia ukipiga. Matangazo ya mtandaoni husaidia baadaye. Mwanzoni mzazi anataka mtu anayeweza kumuulizia kwa jina.

Somo la majaribio liwe la dakika 30 na liwe na lengo moja: mtoto aondoke akiwa amepiga kitu kinachosikika. Simfundishi mstari wala nota siku hiyo. Namwambia atafute funguo nyeusi zilizokaa mbili mbili, azipige zote kutoka chini hadi juu. Halafu zile za tatu tatu. Kwa dakika tano tayari ameujua ubao wote, kwa sababu mpangilio unajirudia na vidole vimeuona kabla ya akili. Kisha anapiga nyeusi tatu kwa kupokezana, mimi chini namshikia mwendo wa ngoma anaoujua, na kwa kuwa kwenye nyeusi pekee ni vigumu kupiga kitu kibaya, chumba kizima kinasikika kama kuna wanamuziki wawili. Mlango uko wazi na mama yuko barazani na simu yake. Simu inapowekwa chini, najua kwamba muhula umeanza.

Majaribio yalipiwe, hata kama ni nusu ya bei. Kitu cha bure mzazi hukijia akiwa amechelewa dakika ishirini.

Usajili, leseni na kodi vinahitajika kwa mtu mmoja anayefundisha sebuleni?

Biashara ni biashara hata ikiwa na kinanda kimoja. TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, bila malipo. Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na leseni huombwa kwenye halmashauri yako. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, husajili wanaojishughulisha na sanaa, wakiwemo watu binafsi na taasisi, na kwa mwalimu wa muziki cheti chao ni kinga na pia ni kitambulisho mbele ya shule. Kuhusu kodi ya mapato, usinakili makadirio ya jirani mwenye duka: sheria haizichukulii huduma za kitaalamu na za mafunzo sawa na uuzaji wa bidhaa, kwa hiyo nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako ukiwa na daftari la mapato na matumizi, useme wazi kwamba unatoa mafunzo. Daftari hilo ndilo litakalokutetea.

Chunga neno "chuo" kwenye bango lako. Vyuo vinavyotoa mafunzo ya ufundi na vyeti husimamiwa na baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, NACTVET, na kujiita chuo kabla ya wakati ni kualika maswali. "Masomo ya kinanda na gitaa" inatosha. Na onyesho la hadhara lenye kiingilio lina vibali vyake; anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, miezi miwili kabla, si wiki moja.

Shule binafsi imeniomba niendeshe klabu ya muziki. Nikubali?

Kubali siku moja au mbili kwa wiki, usikubali tano. Shule hukupa kitu adimu, yaani saa za asubuhi na mchana ambazo watoto wa nyumbani hawapatikani, na wazazi wa watoto 30 wanakufahamu kwa mpigo mmoja. Lakini shule hulipa mwishoni mwa muhula, na mwisho wa muhula wa shule una tabia ya kuhamia muhula unaofuata. Niliwahi kusubiri malipo ya muhula mmoja kwa miezi mitano. Mhasibu alikuwa mpole sana na alinikaribisha chai kila nilipokwenda.

Mkataba utaje idadi ya juu ya watoto, nani ananunua vyombo, siku ya malipo, na kwamba malipo ni ya kila mwezi. Wasipokubali malipo ya mwezi, kubali tu ikiwa unaweza kuishi miezi minne bila pesa hiyo.

Je, kufundisha kikundi kunashusha hadhi ya mafunzo?

Kunategemea unachofundisha. Kidole gumba kupita chini ya vidole vingine kwenye skeli hakifundishiki kwa watoto sita kwa pamoja, kwa sababu kila mkono una kosa lake. Lakini mwendo, kusikiliza, kuimba kwa solfa na kusoma nota hufundishika vizuri zaidi kikundini, kwani watoto hurekebishana kwa lugha ambayo mtu mzima hana. Kwa hesabu, watoto sita wa Jumamosi asubuhi wakilipa 8,000 kila mmoja, saa hiyo inaleta 48,000 mahali ambapo kipindi cha mtu mmoja kingeleta 20,000, na familia ambayo haikuweza kumudu ada ya mtu mmoja imepata mlango.

Hapa ndipo pia penye jibu kwa wanaouliza kama wawafundishe bure watoto wasio na uwezo. Nina viti viwili vya bure katika kikundi, vimeandikwa kwenye bajeti kama gharama, na vikijaa vimejaa. Tulijifunze hili hata kwa wakubwa: Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar, maarufu kama DCMA, imefundisha taarabu, udi, ganuni na fidla tangu mwaka 2002 na kutoa wanamuziki wengi wazuri, lakini wanafunzi wake wengi hawakuwa na uwezo wa kubeba gharama halisi, chuo kikategemea wafadhili, na wafadhili walipopungua kikapita kwenye vipindi vigumu vya fedha. Taasisi ya namna hiyo inaweza kuomba msaada duniani. Mwalimu mmoja wa Kimara hawezi.

Masomo ya mtandaoni yanalipa?

Yanalipa kwa aina fulani ya mwanafunzi: mtu mzima, au mtoto wa familia ya Kiswahili iliyoko Muscat, London au Minnesota ambayo inataka mtoto apige nyimbo za kwaya ya nyumbani au taarabu anayoisikia kwa bibi. Saa zinawezekana. Saa kumi na mbili jioni ya Dar es Salaam ni saa moja usiku Muscat, na majira ya baridi ni saa tisa alasiri London. Minnesota wao wako nyuma yetu kwa saa nane au tisa, na hao nawafundisha Jumamosi usiku, wao wakiwa asubuhi.

Usijaribu kupiga pamoja na mwanafunzi mtandaoni. Sauti huchelewa na mtaishia kulaumiana. Piga wewe, kisha apige yeye, kama mwimbishaji na waitikiaji. Simu ielekezwe kwenye mikono na siyo usoni. Na gharama ya kifurushi iwemo ndani ya ada.

Ninafundisha watoto wa watu. Nijilinde na niwalinde vipi?

Mlango wazi, au dirisha linaloonyesha ndani, kwa kila kipindi, bila kumbagua mtoto. Ukihitaji kunyoosha kifundo cha mkono, omba ruhusa kwanza, au onyesha kwa mkono wako mwenyewe, njia ambayo hutosha mara nyingi. Usiwasiliane na mtoto faragha kwenye simu. Ujumbe wote uende kwa mzazi. Picha na video za wanafunzi hazipandi mtandaoni bila idhini ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtoto si bango.

Nitaishije miezi ya likizo, na Ramadhani?

Zile wiki 16 zisizofundishwa tayari zimo kwenye ada, ikiwa ulipiga hesabu kwa mwaka. Kinachobaki ni nidhamu: ada ya muhula ikiingia, gawanya kwa miezi minne na ujilipe mshahara, iliyobaki ikae mahali ambapo mkono haufiki kirahisi, iwe benki au kikoba cha watu unaowaamini. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF hupokea wanachama waliojiajiri, na mwalimu wa miaka 28 anayelicheka jambo hilo ana vidole vya miaka 28.

Ramadhani husogea mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iingize kwenye kalenda ya muhula kabla hujaichapa. Kipindi cha saa kumi na moja jioni mwezi huo hakifundishiki, kwa kuwa nyumba nzima inaelekea kwenye futari. Mimi huwahamishia wanafunzi hao Jumamosi na Jumapili asubuhi. Kwa upande wa kanisa, wiki za kuelekea Pasaka na Krismasi wapiga kinanda wakubwa hawapatikani, lakini ndipo wanapotaka msaada wa haraka na wako tayari kuulipia.

Niendelee kupiga kwenye harusi na bendi?

Endelea, mradi Jumamosi asubuhi isichelewe kwa ajili ya Ijumaa usiku. Mzazi husamehe mwalimu anayekohoa, hamsamehi anayenukia ukumbi.

Mwanafunzi akiaga, nifanye nini?

Ataaga. Wengine huaga mwezi wa tatu, pale utamu wa nyimbo za vidole vitano unapokwisha na mikono miwili inapotakiwa kufanya mambo mawili. Kwa hao, punguza mzigo kabla hawajasema, wape wimbo mmoja wanaouchagua wenyewe, uone kama watavuka. Wengine huaga kwa sababu wanahamia Dodoma, au wameingia kidato cha kwanza cha bweni. Usibembeleze. Muulize mzazi sababu, iandike, kwa kuwa sababu ileile ikijirudia mara tatu inakuhusu wewe.

Kipindi cha mwisho mimi huwaacha wapige chochote wanachotaka, mwanzo hadi mwisho, bila kusahihishwa, na narekodi sauti na kumtumia mzazi. Kisha jioni ileile nafungua orodha ya wanaosubiri, nampigia wa kwanza: "Mama Fulani, Jumanne saa kumi imepatikana."